Kuchagua Suti ya Kuzamia kwa Bahari ya Shamu Wakati wa Baridi: Mwongozo Kamili

Mzamiaji aliyezoea Mnemba, Mafia au Watamu huvaa suti ya milimita 3, pengine fupi ya kuishia magotini, na haoni shida. Safari ya Misri ya mwezi Januari ikipatikana, anaambiwa maji ya Sharm el-Sheikh ni nyuzi 22 na anaona tofauti si kubwa, kwani nyumbani wakati wa kusi maji hushuka hadi 25. Hesabu hiyo ndiyo huharibu safari. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 haraka kuliko hewa, kwa hiyo kila nyuzi inayopungua ina gharama yake. Tena baridi ya nyuzi 22 haikupigi unapoingia majini. Inakukuta dakika ya 35 ya mbizi ya pili, mita 15 chini, vidole vikianza kuwa vizito.

Kwa wazamiaji wengi wa kwetu wanaokwenda kaskazini ya Bahari ya Shamu kati ya Desemba na Machi, pendekezo letu ni hili: suti nzima ya milimita 5 inayokushika mwili mzima, fulana ya milimita 3 yenye kofia ya kuvaa ndani yake, na buti za milimita 5. Tunaipendekeza kuliko suti ya milimita 7, na sababu zake zimo humu. Wapo pia wanaohitaji hiyo ya 7, nao tutawataja.

Anza na maji yenyewe

Bahari huchelewa kupoa na huchelewa kupata joto. Hewa ya Hurghada huwa baridi zaidi Januari, lakini maji hufikia kiwango cha chini Februari na mwanzoni mwa Machi. Sharm el-Sheikh, Dahab na Hurghada tarajia nyuzi 21 hadi 23 katika miezi hiyo. Marsa Alam, upande wa kusini, huwa juu kidogo, kwa nyuzi moja au mbili.

Bahari ya Shamu ina sifa moja nzuri: maji yake ya kina kirefu hubaki karibu nyuzi 21 na nusu mpaka chini kabisa. Wakati wa baridi, joto la juu na la mita 30 halitofautiani sana, kwa hiyo hutakutana na tabaka la ghafla la maji ya nyuzi 15 kama ilivyo katika bahari nyingine. Ukijua joto la juu, umejua karibu yote.

Ugumu uko nje ya maji. Upepo wa kaskazini huvuma kwenye sitaha, suti imelowa, na maji yanapokauka juu yake yanaondoka na joto lako. Wengi huanza mbizi ya pili wakiwa wameshapoa. Anayepanga suti kwa kutazama joto la maji peke yake amesahau hii saa moja na nusu ya kukaa kwenye boti.

Mwongozo huu unafaa pia Aqaba nchini Jordan, ambako maji ni yale yale. Kwa walioko Maskati na Fujairah, majira ya baridi huleta maji ya nyuzi 22 hadi 24. Suti ile ile inatosha, na siku nyingine fulana ya ndani haihitajiki. Visiwa vya Canary hushuka hadi 18 au 19: hapo chukua milimita 7. Malta mwezi Februari ni 15 au 16, na hiyo ni kazi ya suti kavu, isiyoingiza maji kabisa, au ya nusu kavu nzito sana.

Kwa nini unene unadanganya

Suti ya neoprini ni mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi. Gesi hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke, mpira wenyewe unachangia kidogo. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, mita 30 ni mara nne, na vipovu husinyaa kwa kiasi hicho. Suti ya milimita 5 ikifika kwenye sitaha ya chini ya Thistlegorm, meli ya Uingereza iliyozamishwa Bahari ya Shamu Oktoba 1941 na kulala kwenye mchanga wa mita 30 hivi, hubaki na takriban nusu ya unene wake. Umevaa 5, unapata 2 na nusu.

Kinachoamua zaidi ni maji yanayoingia. Suti huruhusu maji kidogo, mwili huyapasha joto, na yakitulia humo yanakuwa hayana madhara. Yakibadilishwa na mapya kila unapokunja kiuno au kugeuza shingo, unapasha joto bahari nzima. Ndiyo maana suti ya milimita 5 iliyokukaa vizuri hushinda ya milimita 7 inayopwaya, na hushinda kwa mbali.

Kwa nini 5 na fulana, na nani achukue 7

Suti ya milimita 7 ni ngumu kuvaa, hubana kifua, huongeza risasi (vipande vizito vya kukushusha chini) kiunoni na hula nafasi kwenye sanduku. Ukirudi Zanzibar hutaivaa tena. Suti ya milimita 5 utaivaa Agosti huko Diani au Pemba unapoongoza wageni mbizi tatu kwa siku, na fulana itabaki kabatini mpaka safari nyingine. Ukivaa vyote viwili, kiwiliwili kinafunikwa kwa milimita 8, na kofia imeungana na fulana, kwa hiyo maji hayapiti shingoni. Mikono na miguu inabaki na milimita 5, nayo inataka wepesi zaidi kuliko unene.

Chukua milimita 7, au suti ya nusu kavu, ikiwa moja ya haya inakuhusu:

- Unakwenda safari ya kulala melini, mbizi tatu au nne kwa siku, siku sita mfululizo. Mwili hauwahi kurudisha joto lote kati ya mbizi, na upungufu hujikusanya siku hadi siku.
- Wewe ni mwembamba, au unajijua kuwa hutetemeka hata kwenye maji ya nyuzi 25.
- Kazi yako majini ni ya kutulia: kupiga picha, au kufundisha wanafunzi waliopiga magoti mchangani. Asiyepiga mapezi hutoa joto kidogo.

Suti ya nusu kavu bado huingiza maji. Tofauti yake ni vizuizi laini vya mpira kwenye vifundo vya mikono, miguu na shingo, na zipu nzito zaidi, hivyo maji yanayopenya ni machache. Suti kavu yenyewe, inayovaliwa na nguo ndani, inahitaji mafunzo yake na kwa maji ya nyuzi 22 ni gharama isiyo na sababu.

Kupima na kujaribu

Hapa usiharakishe. Suti nyingi mbaya ni suti nzuri zilizovaliwa na mtu asiye wa kipimo chake.

Pima kwa futi ya fundi cherehani, bila nguo nene: kifua kwenye sehemu pana kabisa, kiuno, nyonga, shingo, urefu wako na uzito. Linganisha na jedwali la kampuni hiyo hiyo inayotengeneza suti. Herufi M ya kampuni moja inaweza kuwa L ya nyingine. Vipimo vikiangukia kati ya saizi mbili, fuata kifua na nyonga kwanza. Urefu wa mguu unaweza kuvumilika, kifua hakivumiliki. Wanawake wachukue mkato wa kike, kwani suti ya kiume huacha uwazi kiunoni na hubana nyonga.

Vaa suti ukiwa mkavu, kwenye chumba chenye ubaridi au feni. Vaa mfuko wa plastiki mguuni ili mguu uteleze, kisha uuvute utokee upande wa pili. Tumia ncha za vidole zisizo na kucha kali, ukivuta kwa mkunjo badala ya kuchomeka kidole kimoja: tundu nyingi kwenye neoprini mpya hutokana na kucha. Panda taratibu, kifundo, goti, paja, hadi kitambaa kiguse kinena kabisa. Miguu isipofika juu inavyotakiwa, mabega hayatafika, na utadhani suti ni fupi wakati hujaivaa sawasawa. Dakika tano hadi kumi ni kawaida. Kama fulana ya ndani umeshainunua, jaribu suti ukiwa nayo. Suti inayokaa vizuri bila fulana inaweza kukunyima pumzi ukiivaa nayo.

Sasa kagua:

Mgongo wa chini. Simama wima, mwambie mwenzako abane suti pale juu ya makalio. Akiweza kukusanya mkunjo wa kujaa kiganja, hapo patakuwa na kidimbwi, na kila ukiinama maji yatapigwa nje na mengine kuingia. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, hasa kwa wenye mgongo uliopinda ndani.

Kwapa na kinena. Inua mikono yote juu. Suti ikivutika kinenani ni fupi. Kukiwa na mfuko wa hewa kwapani ni kubwa.

Kifua. Vuta pumzi mpaka mwisho mara tatu. Kubanwa kote kwa usawa ni sawa. Ukishindwa kujaza mapafu, acha.

Shingo. Vidole viwili vipite kwa shida kidogo. Shingo inayobana kupita kiasi si suala la starehe. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo kuna vihisio vya shinikizo la damu, na vikikandamizwa moyo hupunguza mapigo, ukaanza kusikia kizunguzungu au hata kuzirai. Ukivaa kwa dakika kumi kichwa kikawa chepesi, usinunue ukitumaini itatanuka.

Magoti. Chuchumaa. Mikunjo nyuma ya goti ni ya kawaida, ganzi kwenye shavu la mguu si ya kawaida.

Neoprini hulegea kidogo ikilowa. Kwa hiyo inayokaa vizuri kabisa kama pajama dukani itakuwa kubwa baharini. Unataka ile inayokukumbatia kiasi cha kutaka kuivua baada ya robo saa.

Mishono, zipu na bitana

Geuza suti ndani nje utazame mishono. Mshono bapa, ule unaoonekana na nyuzi nyingi pande zote mbili, umetobolewa na sindano mpaka upande wa pili, na maji hupita kwenye kila tundu. Kwa suti ya milimita 3 ya kwetu hauna neno. Kwa safari hii taka mshono ambao vipande vimegundishwa kwanza, kisha sindano ikaingia nusu ya unene bila kutokeza upande mwingine. Suti bora zina utepe uliobandikwa ndani juu ya mishono, angalau kwapani na kinenani. Vuta mshono kwa mikono miwili ukiuelekeza kwenye mwanga. Ukiona nukta za mwanga, hiyo si suti ya baridi.

Zipu ya mgongoni ni rahisi kuvaa na kuvua, lakini iko pale pale maji yanapopenda kuteremka, kwenye uti wa mgongo. Hakikisha nyuma yake kuna ulimi mpana wa neoprini unaofika hadi shingoni na kujikunja. Zipu ya kifuani huziba vizuri zaidi, ila inataka mabega mepesi. Mwenye maumivu ya bega asiichukue, atajilaumu kila asubuhi.

Bitana ya manyoya mafupi kifuani na mgongoni inasaidia kweli: hushikilia maji yasizunguke na hukauka haraka. Wauzaji pia husifu tabaka la metali linalorudisha joto. Usiongeze hata shilingi kwa ajili ya hilo ikiwa mkato wa suti haukufai.

Kichwa, miguu, mikono

Kofia ndiyo kitu cha bei ndogo chenye faida kubwa. Kichwa na shingo huachwa wazi na wengi, na ndivyo maji hupata mlango wa kuingia mgongoni. Ukiwa na rasta au umesukwa, pima kichwa kikiwa katika hali utakayozamia nayo. Misuko iliyolala huku na huku chini ya kofia hutengeneza njia za maji. Ya mistari myembamba inayoelekea nyuma inakaa vizuri zaidi, na mikia yake iingizwe chini ndani ya suti. Wanaofunika nywele kwa stara wanaweza kutumia kofia hiyo hiyo, lakini wasivae kitambaa chini yake kikatokeza usoni, kwani huvuta maji kama utambi. Kabla ya kuzama, vuta ukingo wa kofia mbele ya sikio kidogo uingize maji, ili hewa isinaswe ndani. Sikio lililofungiwa hewa halisawaziki.

Buti ziwe za milimita 5, zenye soli ngumu, kwani Dahab mara nyingi unaingilia ufukweni juu ya mawe na matumbawe. Jaribu buti na mapezi yako pamoja: buti nene haziingii kwenye mapezi yaliyopimwa kwa buti nyembamba. Mguu wa suti uwe juu ya buti ukitaka maji yashuke na kutoka.

Glavu acha. Katika hifadhi za bahari za Misri haziruhusiwi, kwa sababu mwenye glavu hushika matumbawe.

Risasi: hesabu mpya

Suti nene huelea zaidi. Ukitoka milimita 3 kwenda 5 ongeza kama kilo 2. Ukiongeza fulana yenye kofia, kilo 1 hadi 2 nyingine. Kuhusu chumvi, watu hutia chumvi pia kwenye maelezo. Bahari ya Shamu ina takriban gramu 40 za chumvi kwa kilo ya maji, Bahari ya Hindi kwetu kama 35. Kwa mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 100, tofauti hiyo inadai nusu kilo tu. Kinachokufanya uelee ni neoprini.

Siku ya kwanza pima hivi: ingia majini na vifaa vyote, toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, shika pumzi ya kawaida, tulia wima bila kupiga mapezi. Maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame polepole. Subiri dakika mbili kabla ya kuamua, maana suti ambayo haijalowa ina hewa iliyonaswa. Ikiwa mtungi umejaa, ongeza kilo 2: ndio uzito wa hewa utakayopumua kwenye mtungi wa alumini wa kawaida kutoka shinikizo la baa 200 hadi 50. Usipoongeza, utashindwa kutulia kwenye kituo cha mita 5, pale unaposimama kwa usalama kabla ya kupanda juu, mwishoni.

Kumbuka kuwa mita 30 chini suti imesinyaa na haielei tena kama juu. Utatia hewa kwenye jaketi wakati wa kushuka, na lazima uitoe kidogo kidogo unapopanda. Mwenye suti nene na risasi nyingi ndiye hupaa bila kutaka.

Ukikodi

Vituo vingi vya Misri hukodisha milimita 5 na 7. Andika mapema kwa barua pepe vipimo vyako, siyo herufi ya saizi, na uulize kama kuna fulana zenye kofia. Ukifika, bonyeza neoprini kwa kidole gumba kwenye kifua, magoti na mabega. Nzima hurudi mara moja; iliyochoka hubaki na shimo au imekuwa nyembamba na ngumu, kwa kuwa vipovu vimepasuka kwa miaka ya kukandamizwa. Suti ya 7 iliyochoka inaweza kukupa joto dogo kuliko 5 mpya. Kama bajeti haitoshi kununua suti, nunua fulana yenye kofia peke yake uende nayo. Inaokoa hata suti mbovu ya kukodi.

Siku ya kuzama

Kula kifungua kinywa kizito na kunywa maji. Baridi na shinikizo la maji husukuma damu kifuani, figo hufanya kazi zaidi, na utakojoa sana. Asiyerudisha maji hupungukiwa, na hilo si jema kwa ugonjwa wa mgandamizo, ule wa vipovu vya naitrojeni mwilini unapopanda.

Chukua chupa ya maji ya uvuguvugu uyamimine ndani ya suti kabla ya kuruka. Yasiwe ya moto. Kati ya mbizi, usikae na suti imeshushwa kiunoni kwenye upepo. Ivue yote, jikaushe, vaa koti la kuzuia upepo na kofia ya sufi. Kama hutaki kuivua, vaa koti juu yake.

Ukianza kutetemeka chini, mwoneshe kiongozi ishara na mmalize mbizi. Usingoje kompyuta ya kuzamia, ile inayokuhesabia muda na kina, ikuambie. Baridi huongeza matumizi ya hewa, na inapokupata mwishoni, wakati mwili unapaswa kutoa naitrojeni, hatari huongezeka: majaribio ya Jeshi la Wanamaji la Marekani yaliyotolewa 2007 yalionesha kuwa wazamiaji waliokuwa na joto chini kisha wakapoa wakati wa kupanda waliugua zaidi kuliko waliopashwa joto wakati huo. Kompyuta yako haijui kama unatetemeka. Ongeza wewe mwenyewe dakika kwenye kituo cha mita 5 ikiwa bado una joto, au fupisha muda wa chini kama umeshapoa. Ukitoka, usikimbilie bafu la maji ya moto sana. Chai na nguo kavu kwanza.

Kukausha na kurudi nayo

Neoprini ya milimita 5 haikauki usiku mmoja wa Januari. Ioshe kwa maji baridi, itundike ikiwa ndani nje kwenye hanga nene, mahali penye upepo, mbali na jua kali. Asubuhi upande wa ngozi uwe mkavu hata kama nje bado kuna unyevu. Zipu ipake nta.

Baada ya mbizi za siku kadhaa subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na hapo ndipo suti hupata siku yake ya kukauka pande zote mbili. Ikiwa kavu, suti ya milimita 5 ni kilo 2 hadi 3. Ikiwa imelowa inaongezeka sana na kukugharimu kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Ikunje mara moja tu kiunoni, mikono juu ya kifua, iwe kitu cha mwisho kuwekwa juu ya sanduku. Nyumbani itoe siku hiyo hiyo uitundike. Unyevu wa pwani hutia ukungu kwenye bitana ya manyoya ndani ya wiki, na harufu yake haitoki.